Kufanana si Udugu: Somo la Kambale wa Deraya

(Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya vikundi vya watu wazima. Limepigwa chapa ili ulisome mwenyewe, au mlisome pamoja darasani.)

 

Leo tutasoma habari za samaki. Usiseme, "Samaki nawajua tangu utotoni, nifundishwe nini tena?" Samaki wa leo watatuonyesha kazi moja ambayo sisi sote huifanya kila siku, nayo ni kazi ya kupanga vitu kwa makundi na kuvipa majina. Mwenye duka huweka sukari mbali na chumvi, ingawa zote mbili ni nyeupe. Angezipanga kwa kutazama rangi tu, chai ya wateja wake ingeharibika. Basi na wataalamu wa samaki wana kazi kama ya mwenye duka, na wakikosea, hasara yake ni kubwa kuliko chai.

MANENO MAPYA

Soma maneno haya kwa sauti, mara mbili.

Deraya: vazi gumu la chuma ambalo askari wa zamani walivaa vitani ili mkuki usiwapenye.
Ainisha: panga vitu kwa aina zake.
Kigae: kipande kigumu cha kuezekea paa. Katika somo hili ni kipande cha mfupa.
Pezi: kiungo ambacho samaki hutumia kuogelea.

SEHEMU YA KWANZA: HUYU NI SAMAKI GANI?

Kambale unamjua. Ana sharubu mdomoni, hana magamba, na ngozi yake huteleza mkononi. Sasa fikiri kambale aliyevaa deraya. Mwili wake umefunikwa vigae vya mfupa, vimepangwa safu kwa safu kama vigae vya paa. Ukimpapasa utaona mkono unakwaruzwa, maana juu ya vigae hivyo kuna vijino vidogo vidogo, vigumu kama meno ya kweli.

Mdomo wake hauko mbele. Uko chini ya kichwa, nao ni wa duara kama kikombe kidogo. Kwa mdomo huo hujibana juu ya jiwe, na maji ya mto yakija kwa nguvu hayamchukui. Hapo alipojibana, meno yake hukwangua utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe na magogo. Hicho ndicho chakula cha wengi wao. Jicho lake nalo ni la ajabu. Katika mwanga mkali kijikunjo kidogo hushuka mbele ya mboni, kama mtu ashushavyo pazia la dirisha wakati wa jua kali.

Samaki hawa kwao ni Amerika ya Kusini, pamoja na Panama na Costa Rica. Wenyeji wa huko wanawajua tangu zamani. Katika Brazil huitwa acari au cascudo. Katika Peru huitwa carachama, na watu huwapika mchuzi. Katika sehemu za chini za mto Amazon watu huchukua nyama yao, huikausha juu ya moto mpaka iwe kama unga, nao huuita piracuí. Unga huo huwekwa akiba, kama sisi tuwekavyo dagaa wakavu.

Lakini usidhani kwamba wote wako sawa. Yuko mdogo aitwaye Otocinclus, ambaye hazidi urefu wa kidole chako. Yuko Acanthicus, mwenye miiba mwili mzima, ambaye urefu wake hupita nusu mita. Yuko Farlowella, mwembamba kama kijiti kikavu. Akitulia kati ya matawi yaliyozama, hutajua kuwa ni samaki. Yuko Panaque, ambaye hukwangua mbao zilizozama mtoni. Yuko Ancistrus, ambaye dume lake lina nyuzi za nyama puani, utadhani ndevu za mzee. Na yuko Loricaria, ambaye dume hubeba mayai chini ya mdomo wake mpaka yaanguliwe. Katika aina nyingi baba ndiye mlezi. Hukaa tunduni akiyalinda mayai usiku na mchana.

Aina zote za kambale wa deraya zilizokwisha andikwa vitabuni ni zaidi ya 1,000. Kambale wote wa dunia ni yapata aina 4,000. Basi hesabu mwenyewe: katika kila aina 4 za kambale, 1 imevaa deraya.

SEHEMU YA PILI: KABILA, UKOO, MLANGO NA NYUMBA

Aina 1,000! Nani awezaye kuzikumbuka zote? Hakuna. Ndiyo sababu ya kuziainisha.

Wewe mwenyewe umekwisha ainishwa. Una kabila lako. Ndani ya kabila mna ukoo wako. Ukoo una milango, mlango una nyumba, na ndani ya nyumba yupo wewe mwenye jina lako. Mgeni akiuliza habari zako, mzee wa kijiji hahitaji kuwajua watu wote wa nchi. Atafuata njia hiyo, kutoka kwenye kundi kubwa mpaka kwenye kundi dogo, naye atakufikia.

Wataalamu wamefanya vivyo hivyo kwa samaki. Kabila la kambale wote huitwa Siluriformes. Ndani yake mna koo nyingi. Ukoo wa kambale wa deraya huitwa Loricariidae. Usiogope jina hilo refu. Lisome polepole, kipande kwa kipande: Lo-ri-ka-ri-i-de. Limetokana na neno la Kilatini, lorica, na maana yake ni deraya.

Ukoo huu wataalamu wengi sasa huugawanya katika milango 6. Sisi tutataja 3 tu. Mlango wa Hypostominae ndio mkubwa kuliko yote. Humo wamo Ancistrus, Panaque na Acanthicus. Mlango wa Loricariinae ni wa samaki warefu na bapa, kama Farlowella. Mlango wa Hypoptopomatinae una samaki wadogo, kama Otocinclus.

Mwisho, kila aina ina jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni jina la nyumba, la pili ni la aina yenyewe. Mathalan, Hypancistrus zebra. Hypancistrus ni nyumba. Zebra ni jina lake ndani ya nyumba hiyo, kwa sababu ana milia myeusi na myeupe kama punda milia.

Hapa simameni kidogo. Kiongozi wa kikundi na aandike ubaoni maneno haya manne: kabila, ukoo, mlango, nyumba. Kila mtu ayanakili katika daftari lake.

SEHEMU YA TATU: MACHO YANAPODANGANYA

Sasa twafika penye ugumu. Tutajuaje kwamba samaki huyu ni wa ukoo huu na si wa ule? Jibu la haraka ni kutazama sura. Lakini sura hudanganya. Nitakupa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Palikuwa na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus. Ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwapa viumbe majina ya maneno mawili. Mwaka 1758 alitoa kitabu chenye majina ya wanyama wa dunia, na samaki wetu wamo. Mmoja alimwita Loricaria cataphracta, na hapo alipatia. Lakini mwingine alimwita Acipenser plecostomus. Acipenser ni nyumba ya samaki wakubwa wa nchi za baridi, wale ambao mayai yao huuzwa kwa bei kubwa kwa jina la kaviari. Samaki hao wana vigae vya mfupa ubavuni, na mdomo wao uko chini ya kichwa. Linnaeus akaona deraya, akaona mdomo uko chini, akasema hawa ni ndugu. Kumbe si ndugu hata kidogo. Mwaka 1803 Mfaransa aitwaye Lacepède aliandika nyumba mpya, Hypostomus, maana yake "mdomo chini", na leo samaki yule huitwa Hypostomus plecostomus.

Mfano wa pili uko kwetu. Katika mto Pangani, nchini Tanzania, yuko samaki mdogo wa jamii ya kambale ambaye naye hujibana juu ya mawe kwa mdomo wa kunyonya. Jina lake la kitaalamu ni Chiloglanis deckenii. Ukiutazama mdomo wake utasema, "Huyu ni wa Amazon!" Lakini hana deraya. Ngozi yake ni tupu, na undani wa mwili wake ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo mmoja na ngogo tunayemvua katika maziwa na mito yetu. Mto wenye mawe na maji makali ndio uliowapa wote wawili mdomo wa namna moja. Fundi seremala wa Tanga na fundi seremala wa Ujerumani wote wana randa, kwa sababu kazi yao ni moja, lakini hawakuzaliwa na mama mmoja.

Mfano wa tatu ni kinyume cha hiyo. Katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini, kuna kambale waitwao Astroblepus. Hupanda miamba yenye maji kwa mdomo wao wa kunyonya. Hawana deraya, wako uchi kama kambale wa kwetu. Mtu angewatenga mbali na Loricariidae. Lakini wataalamu walipochunguza mifupa ya kichwa, na vijino vya nje ya mwili, na siku hizi chembe za urithi zilizomo mwilini, waliona kwamba hao ndio jirani wa karibu kabisa wa ukoo wetu. Aliyevaa na asiyevaa, babu yao ni mmoja.

Basi shika jambo hili, maana ndilo kiini cha somo: kufanana si udugu, na kutofanana si ugeni. Anayeainisha hutazama alama nyingi, hulinganisha, ndipo asemapo neno.

SEHEMU YA NNE: SAMAKI WENYE NAMBA BADALA YA JINA

Kazi ya kuandika aina mpya kitabuni ni ya polepole. Lazima samaki apimwe, vigae na miiba yake ihesabiwe, alinganishwe na wenzake waliowekwa katika nyumba za makumbusho. Lakini wafanyabiashara hawangoji. Watu wengi wa Ulaya, Asia na Marekani hufuga samaki wa mapambo katika masanduku ya kioo, na kambale wa deraya hupendwa sana. Katika miaka ya 1980 aina nyingi zilifika madukani ambazo hazikuwa na jina katika kitabu chochote.

Mwaka 1988 gazeti moja la wafugaji huko Ujerumani, DATZ, lilianza kuwapa namba. Kila namba ilitanguliwa na herufi L, yaani herufi ya kwanza ya Loricariidae. L1, L2, L3, na kuendelea. Leo namba hizo zimepita 400.

Namba zilisaidia. Mtu wa Berlin na mtu wa Tokyo waliweza kuandikiana barua na kujua kwamba wanasema habari za samaki yule yule. Lakini namba si jina. Zamani kibarua mwenye kipande alijulikana kwa namba, na namba ile haikusema baba yake ni nani wala ametoka wapi. Na namba L ni vivyo hivyo. Haisemi nyumba wala mlango. Tena ilitokea samaki wa aina moja akapewa namba mbili, kwa kuwa mdogo na mkubwa walikuwa na rangi mbalimbali.

Sasa sikiliza habari za L46. Huyu ndiye yule mwenye milia. Ni mdogo, yapata sentimita 8, naye hutaga mayai machache tu. Dunia nzima hapatikani porini ila mahali pamoja, katika mto Xingu nchini Brazil, sehemu iitwayo Volta Grande, kati ya nyufa za miamba penye maji ya kasi. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Uholanzi, Isbrücker na Nijssen, walimwandika kwa jina la Hypancistrus zebra.

Jina hilo lilikuja wakati wa shida. Uzuri wake ulimfanya awindwe sana. Tena juu ya mto huo huo limejengwa bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kufanya kazi mwaka 2016, nalo limegeuza sehemu kubwa ya maji yasipite Volta Grande. Serikali ya Brazil ilikataza kumvua na kumpeleka nje. Na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kumtia katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake kati ya nchi na nchi ni lazima isimamiwe.

Ufikirie mkutano ule. Sheria huandikwa kwa majina. Askari wa forodha hupewa orodha, naye husoma jina lililomo. Samaki asiye na jina kitabuni ni kama mtu anayedai shamba lake bila hati. Huenda haki ni yake, lakini ni vigumu kumtetea. Kuna aina nyingine katika mito ya Amazon ambazo mpaka leo zajulikana kwa namba tu, na mito yao nayo inazibwa.

SEHEMU YA TANO: JINA LISILO LAKE

Kukosa jina ni hasara. Kupewa jina la mwingine ni hasara pia.

Madukani samaki wengi wa ukoo huu huuzwa kwa jina moja tu, "plecostomus". Mnunuzi hupewa samaki mdogo wa kusafisha kioo cha sanduku lake. Lakini mara nyingi samaki yule si plecostomus wa Linnaeus. Ni wa nyumba nyingine, Pterygoplichthys. Soma hivi: Te-ri-go-plik-this. Huyu hukua upesi, hufikia sentimita 40 na zaidi, na sanduku humshinda. Mwenyewe humhurumia asimuue, akamtupa mtoni. Hapo ndipo balaa huanza.

Maji yakipungua hewa, samaki huyu huja juu na kumeza hewa, na tumbo lake hufanya kazi ya pafu. Dume huchimba tundu refu ukingoni mwa mto, na matundu yakiwa mengi ukingo huanguka. Adui wachache huweza kumtafuna kwa sababu ya vigae na miiba. Katika ziwa Laguna de Bay, nchini Ufilipino, ameharibu nyavu za wavuvi. Katika bwawa la Infiernillo, nchini Mexico, wavuvi walikuwa wakivua sato, samaki ambaye asili yake ni Afrika. Katika miaka ya 2000 nyavu zao zilijaa kambale wa deraya, sato wakapungua, na watu wengi wakapoteza riziki. Hata bara letu amefika. Katika mito Nseleni na Mhlatuze, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, anaishi na kuzaana.

Utamtambuaje? Hapa hesabu ulizojifunza zitakusaidia. Nyosha pezi la mgongoni. Mbele kuna mwiba mmoja mgumu, usiuhesabu. Hesabu vijiti laini vilivyo nyuma yake. Hypostomus kwa kawaida ana 7. Pterygoplichthys ana 9 au zaidi, mara nyingi 10 na kuendelea. Mtu anayejua kuhesabu mpaka kumi aweza kufanya kazi hii ya kitaalamu kandokando ya mto.

Basi ukimwona samaki wa deraya mahali pasipo pake, usimrudishe majini. Andika tarehe, andika mahali, andika idadi ya vijiti vya pezi, kisha umpeleke kwa afisa wa uvuvi. Lakini kumbuka mfano wa mto Pangani. Samaki mdogo mwenye mdomo wa kunyonya na ngozi tupu ni mwenyeji wetu, wala hana hatia. Ukimuua kwa sababu ya mdomo wake tu, utakuwa umemhukumu ndugu kwa kosa la mgeni. Na wewe unayefuga samaki mjini, ukishindwa na samaki wako, mrudishe dukani au mpe mwenzako mwenye sanduku kubwa. Usimtupe mtoni wala ziwani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mwenye duka hapangi bidhaa zake kwa rangi?
2. Neno lorica lina maana gani?
3. Linnaeus aliona alama gani mbili, akadhani plecostomus ni ndugu wa samaki wa kaviari?
4. Chiloglanis wa mto Pangani ni wa ukoo mmoja na samaki gani wa kwetu?
5. Kuna tofauti gani kati ya namba L46 na jina Hypancistrus zebra?
6. Umemkamata samaki wa deraya. Nyuma ya mwiba wa pezi la mgongoni umehesabu vijiti 11. Ni wa nyumba gani? Utafanya nini?

KAZI YA NYUMBANI

Andika majina ya samaki 6 wanaouzwa katika soko la kwenu. Wapange kwa makundi, kisha andika kwa sentensi moja alama uliyoitumia kuwapanga. Katika somo lijalo soma kazi yako mbele ya wenzako. Huenda mama anayekaanga samaki na mzee anayewavua wakawapanga kwa njia mbalimbali. Jadilianeni ni alama zipi zinazoonyesha udugu, na zipi ni za sura tu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.